Ngoma Ikilia, Rais Akae Wapi?

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, vijiji vya Bariadi mkoani Simiyu, Ngulyati kikiwa kimojawapo, huingia katika msimu wa mbina. Anayezijua ngoma za Kisukuma hahitaji kuelezwa. Makundi mawili, la Bagika na la Bagalu, hupambana katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, wapigaji wake na dawa zake. Hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Ngoma zote zinalia pamoja, na watu waliokusanyika wako huru kwenda wanakotaka: huku kukinoga wanajaa huku, kule kukichangamka wanahamia kule. Manju anayeona umati unampungua hutoa kila alichonacho, wimbo mpya wa kumchambua mpinzani wake, sanamu ya mbao yenye viungo vinavyochezeshwa, au chatu anayezungushwa shingoni mbele ya watoto wanaorudi nyuma huku wakipiga kelele. Jua likizama, aliyezungukwa na watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Hakuna jopo la majaji la kukatiwa rufaa, kwa kuwa hukumu kila mtu ameiona kwa macho yake. Masimulizi yanaurudisha utaratibu huu kwenye karne ya 19, kwa mahasimu wawili, Ngika na Gumha, ambao wafuasi wao ndio wanaobeba majina ya makundi hayo hadi leo.

Sasa uchukue uwanja huohuo siku anayotarajiwa kiongozi mkubwa wa serikali au mgombea wa chama. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, na meza ya mbele imetandikwa kitambaa na kuwekwa chupa za maji. Kikundi cha ngoma kimeitwa tangu asubuhi. Mgeni akifika, wachezaji wanaugeukia upande wa turubai, wanaimba jina lake na la chama chake, wanarusha majembe juu na kuyadaka. Mgeni anainuka, anaingia kati yao, anacheza hatua mbili tatu, picha zinapigwa, na mshereheshaji anaomba ngoma inyamaze ili risala isomwe. Wachezaji ni walewale, na ngoma zimewambwa kwa ngozi ileile. Kilichohama ni mahali alipokaa mwamuzi. Katika mbina mwamuzi ni umati, na mtu mkubwa akiwepo anakuwa jozi moja tu ya macho kati ya nyingi. Chini ya turubai mwamuzi ni mmoja, naye ndiye anayeimbwa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba badiliko hilo limetugharimu kuliko tunavyokiri. Mtawala hunufaika na sanaa ya jukwaani pale tu anapokaa kama mtazamaji. Akishakuwa mgeni rasmi, sanaa haina tena cha kumwambia, na msanii naye anapoteza sababu ya kujituma.

Kielelezo cha mtawala mtazamaji kinachojulikana zaidi duniani ni Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani. Bahati mbaya wengi wetu tunakijua kisa chake kutoka mwishoni, kwamba alipigwa risasi akiwa ukumbini. Kabla ya usiku huo alikuwa amekaa katika kumbi za Washington, hasa za Ford na Grover, mara nyingi katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu wapatao laki sita au zaidi. Hakuwa na elimu ya darasani ya kutajika. Shakespeare alimsoma peke yake, na akamsoma hadi vipande virefu vikamkaa kichwani. Mwezi Agosti 1863 alimwandikia barua mwigizaji James Hackett, bingwa wa kumwigiza Falstaff, akimweleza kwamba kati ya tamthilia zote hakuna anayoiona inafikia Macbeth, na kwamba katika Hamlet anavutiwa zaidi na maneno ya mfalme muuaji anayejaribu kutubu kuliko yale maarufu ya mwana wa mfalme kuhusu kuishi na kufa. Hackett alifurahi mno, akaichapisha barua ile, na magazeti ya wapinzani yakamcheka Rais kwa kujifanya mhakiki. Hackett alipoomba radhi, Lincoln alimjibu kwa upole kwamba kuchekwa amekuzoea. Tazama nafasi aliyojiweka hapo: mkuu wa nchi yenye majeshi makubwa vitani anamwandikia mwigizaji kama mpenzi wa sanaa anayetoa maoni yake, anachekwa, na mambo yanaishia hapo.

Waigizaji wa enzi zake walikuwa watu wazito. Edwin Forrest alisifika kwa sauti na kifua, na Charlotte Cushman kwa kumwigiza mke wa Macbeth hadi watazamaji wakatetemeka. Edwin Booth, aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote katika Hamlet, alifanya msimu wa maonyesho katika ukumbi wa Grover mapema mwaka 1864, na Lincoln alihudhuria siku kadhaa. Mdogo wake Edwin, John Wilkes Booth, naye alikuwa na jina. Lincoln alimtazama akiigiza katika The Marble Heart kwenye ukumbi wa Ford tarehe 9 Novemba 1863, mwaka mmoja na nusu kabla ya mwigizaji huyo kumuua. Ndugu hawa walikuwa watatu jukwaani, na tarehe 25 Novemba 1864 walicheza pamoja Julius Caesar mjini New York ili kuchangia sanamu ya Shakespeare: Edwin alikuwa Brutus, Junius alikuwa Cassius, na John Wilkes alikuwa Marcus Antonius. Tamthilia hiyo inahusu watu wenye heshima zao wanaomuua mtawala kwa kuamini kwamba wanaiokoa nchi. Tutairudia, kwa sababu kitabu hichohicho kilifasiriwa kwa Kiswahili na mtawala wa kwetu.

Lincoln alikuwa akipata nini huko? Wapo wanaosema alikwenda kupumzisha akili tu, na kweli kicheko alikihitaji. Lakini tarehe 9 Aprili 1865, akirudi Washington kwa boti ya River Queen huku vita vikielekea ukingoni, aliwasomea wenzake Macbeth kwa sauti. Alisimama pale ambapo mfalme ameuawa, na muuaji aliyekalia kiti chake anamwonea wivu maiti kwa kuwa amelala na hasumbuliwi na lolote tena. Kipande hicho alikisoma mara mbili. Siku tano baadaye alipigwa risasi. Mimi sitafuti utabiri wowote hapo. Ninachokiona ni mtu aliyepeleka mamia kwa maelfu ya vijana vitani, na ambaye katika nchi nzima hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa usawa juu ya damu iliyomwagwa kwa amri yake. Tamthilia ilimzungumzia jambo hilo bila kumtaja jina. Hapo ndipo ilipo kazi ya jukwaa kwa mtawala. Mshauri humwambia analotaka kusikia, na mpinzani humwambia lile litakalomwangusha. Jukwaa halimwambii yeye chochote. Linamwambia kila aliyeko ukumbini, naye achukue linalomhusu.

Kuna mapingamizi mawili kuhusu mfano huu, na yote ni ya haki. La kwanza ni kwamba hata Lincoln alipokelewa kama mgeni rasmi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 alichelewa kufika katika ukumbi wa Ford, ambako Laura Keene na kundi lake walikuwa wanacheza kichekesho cha Our American Cousin. Alipoingia onyesho lilisimama, bendi ikapiga wimbo wa kumlaki Rais, watu wakashangilia, na sehemu aliyokaa ilikuwa imepambwa kwa bendera. Ni kweli. Lakini shangwe ilipokwisha waigizaji walirudi kwenye hadithi yao ya Waingereza wenye majivuno na Mmarekani mshamba, ambayo haikuandikwa juu ya Lincoln. Alilakiwa kisha akaachwa atazame. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kumbi zile hazikuwa za watu wote. Mtu mweusi alitengewa pa kukaa kama aliruhusiwa kuingia, na moja ya burudani zilizopendwa sana Marekani ilikuwa ya wazungu waliojipaka masizi wakiwadhihaki weusi. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, ilibidi avuke bahari ili amwigize Othello. Alipokewa London, akazunguka Ulaya hadi Urusi, na akafia Poland mwaka 1867 bila kuwa amepewa nafasi hiyo nyumbani kwao. Umati ulioketi na Lincoln, kwa hiyo, ulikuwa umati pungufu, na chochote alichojifunza mle kilipitia katika upungufu huo. Uwanja wa mbina, ambao hauna tiketi wala mlango, ulizipita kumbi zile kwa jambo hilo.

Kwa upande wetu, mtawala aliyelijua jukwaa kutoka ndani ni Julius Nyerere. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, alisoma Makerere na kisha Edinburgh, na katika shughuli nyingi za kuanzisha taifa alipata muda wa kumfasiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963. Akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Wengi huzitaja kazi hizi kama ushahidi kwamba alikipenda Kiswahili na alitaka kuonyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba mzigo wowote. Ni sahihi, lakini maelezo hayo yanamwachia nusu ya sifa yake. Mtu anayefasiri tamthilia hulazimika kukaa ndani ya kila mhusika. Ili Brutus aseme Kiswahili, Nyerere alipaswa kumtafutia maneno ya kumshawishi mtu kwamba kumuua mkuu wa nchi ni wajibu wa mzalendo. Ili Antonius aseme Kiswahili, alipaswa kufikiri jinsi umati unavyogeuzwa ndani ya hotuba moja, ukitoka kuwashangilia wauaji hadi kuchoma nyumba zao. Alilifanya hilo akiwa yeye mwenyewe ndiye aliyekalia kiti. Na kama vile historia ilikuwa inamsubiri, tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, Rais akalazimika kujificha, na uasi ukaja kuzimwa tarehe 25 kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza. Alipoirudia tafsiri ile kuisahihisha, alikuwa mtu aliyekwishaonja anachokieleza.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Samuel Mushi alitoa Makbeth kwa Kiswahili mwaka 1968, ile ile tamthilia ambayo Lincoln aliiona haina mfano. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alikuja na Kinjeketile, kuhusu Vita vya Maji Maji na kiongozi ambaye neno lake linamtoka mikononi na kuwa kubwa kuliko yeye. Mwaka 1971 akaandika Mashetani, ambamo uhuru wenyewe unahojiwa kupitia urafiki wa vijana wawili wa matabaka tofauti. Penina Muhando na Amandina Lihamba wakafuata. Kwa muda wa miaka kama kumi na mitano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na waandishi wa tamthilia walioandika kwa lugha ya wananchi juu ya mambo ya wananchi, chini ya Rais ambaye mwenyewe alikuwa mfasiri wa tamthilia. Nchi chache za Afrika zilipata bahati kama hiyo. Swali linalonikera ni kwa nini bahati hiyo haikuzaa desturi. Kwa nini kwenda kutazama mchezo halikuwa jambo la kawaida kwa Rais, mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya, wakati kupokelewa kwa ngoma uwanja wa ndege likawa sharti?

Jibu linaanzia kwenye nia njema. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza bungeni kama Rais wa Jamhuri, Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwauliza wasikilizaji wake ni wangapi kati yao wanaoijua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama, ilhali wengi waliweza kucheza rumba na cha-cha-cha za kigeni. Mkoloni, kwa maelezo yake, alikuwa ametufanya tuone haya kwa vitu vyetu. Kilichofuata ni kuundwa kwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichokusanya wachezaji kutoka makabila mbalimbali, na baadaye kikundi cha sarakasi cha vijana waliofundishwa China. Bugobogobo ya Wasukuma ikawa moja ya ngoma zilizopendwa zaidi katika kikundi hicho, pamoja na sindimba ya Wamakonde. Ni rahisi kuona sababu. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Asili yake ni vikundi vya wakulima vilivyoalikwa kulima shamba la mtu, vikilima kwa mstari huku ngoma kubwa ikiwapa mwendo na manju akiwatia moyo, na mwenye shamba akitoa chakula. Kwa serikali iliyokuwa inahubiri kazi, na baada ya mwaka 1967 ikahubiri ujamaa, hakukuwa na picha iliyofaa zaidi ya vijana wanaocheza na majembe.

Lakini angalia kilichoipata ngoma hiyo njiani kutoka Usukumani hadi Dar es Salaam. Shambani, urefu wake ulikuwa urefu wa shamba. Jukwaani ukawa dakika zilizopangwa kwenye ratiba. Shambani na kwenye mbina kulikuwa na kundi jingine lililotaka kukuzidi. Jukwaani mpinzani aliondolewa, kwa kuwa taifa moja halikutaka kuonyesha watu wanaotambiana. Nyimbo za manju, zilizokuwa zinamtaja mchoyo kwa jina, zinasuta wavivu, zinalalamikia kodi na bei ya pamba, zikaachwa nyuma, zikabaki zile za kukaribisha na kusifu. Mwelekeo wa miili ukabadilika pia. Mchezaji wa mbina huzungukwa, anatazamwa kutoka kila upande. Mchezaji wa gwaride la taifa ana mbele na nyuma, na mbele ni kule alikokaa Rais. Sitaki kudharau kazi ya wachezaji wale, ambao walikuwa hodari na waliifanya ngoma ya kijijini ijulikane nchi nzima na nje yake. Ninachosema ni kwamba walipewa jukwaa ambalo haliwezi kushindwa. Na msanii asiyeweza kushindwa hana namna ya kushinda.

Atakuja mtu aseme kwamba ninadai anasa kutoka kwa nchi maskini. Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa na wasomi wachache, barabara mbovu na hospitali haba, na Rais aliyejenga ukumbi wa maigizo kabla ya zahanati angestahili kulaumiwa. Nairobi ilikuwa na ukumbi wake wa taifa tangu 1952 na Kampala tangu 1959, lakini majumba hayo yalijengwa chini ya mkoloni. Nalikubali hilo lote. Ila hoja yangu haihitaji jengo. Mbina haina jengo. Rais mtazamaji anahitaji mambo mawili tu, muda wa kukaa na onyesho ambalo halikuandaliwa kwa ajili yake. Tena serikali ile haikuwa bahili kwa wasanii. Mwaka 1968 Nyerere aliwakutanisha washairi na kuwaomba walieneze Azimio la Arusha, na Mathias Mnyampala akaijibu rai hiyo kwa ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo shule nyingi zikayachukua na kuyaigiza. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Fedha kidogo ilikuwepo na nia ilikuwepo. Tatizo ni kile ambacho wasanii waliombwa. Ngonjera ina wahusika wawili wanaobishana, mjinga na mjuzi, na mtazamaji anajua tangu ubeti wa kwanza nani atasalimu amri. Brutus na Antonius hawakuandikwa hivyo, na Nyerere mfasiri alilijua hilo kuliko mtu yeyote nchini.

Haki inadai pia tumpime kwa majirani zake wa wakati huo. Nchini Uganda, Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Kampala, alirudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos mapema mwaka 1977, akachukuliwa na watu wa Idi Amin na kuuawa. Nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, ikachezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Serikali ikaisimamisha, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe la Kamĩrĩĩthũ, lililojengwa kwa mikono ya wanakijiji, likabomolewa. Kwetu, Hussein aliandika Mashetani, akaendelea kufundisha Chuo Kikuu. Hiyo ni tofauti kubwa, na mtu anayeipuuza hamtendei haki Mwalimu. Hata hivyo kuna jambo moja katika uovu wa watawala wale ambalo linastahili kufikiriwa. Waliogopa jukwaa kwa sababu waliamini lina nguvu. Sisi tulilipenda, tukalipamba, tukalikaribisha Ikulu, na kwa mapenzi hayo tukaliondolea meno taratibu, bila mtu yeyote kufungwa.

Mwisho wa mwelekeo huo tuliuona vyama vingi viliporejea mwaka 1992. Chama tawala kilianzisha kikundi chake, Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba, mwanamuziki mwenye kipaji kikubwa, sauti ambayo hata wapinzani wake waliitambua mara moja, na ambaye baadaye akawa mbunge. Kikundi kilikuwa na ngoma, kwaya, taarabu, vichekesho na maigizo, na kilijaza viwanja. Mtu hawezi kumlaumu Komba kwa kukitumikia chama alichokiamini. Lakini umbali uliosafiriwa tangu 1963 unaonekana hapo wazi: kutoka Rais anayempa Brutus maneno ya kumhukumu mtawala, hadi kikundi cha maigizo kinachomilikiwa na wale wanaotawala. Vyama vingine vilipopata nguvu havikuleta sanaa iliyo huru zaidi. Vilitafuta wasanii wao wa kuwaimba. Leo mwezi wa kampeni ukifika katika mkoa wa Simiyu, kikundi cha ngoma kinaweza kuimba jina la mgombea mmoja asubuhi na la mwingine jioni, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba wimbo ule haumwambii mgombea jambo lolote.

Lipo pingamizi la usalama, ambalo watu wa itifaki hulitoa kwanza. Rais akiketi kati ya watu, gizani, macho yote yakiwa jukwaani, amejiweka wazi kwa adui, na Lincoln ndiye shahidi. Booth aliijua tamthilia ile vizuri, akasubiri sentensi ambayo huwafanya watazamaji wote wacheke, wakati mwigizaji Harry Hawk alipokuwa peke yake jukwaani, akafyatua bastola kicheko kikiwa juu. Kisha akarukia jukwaani na kutamka maneno ya Kilatini dhidi ya madhalimu, kana kwamba bado anacheza. Ni kisa cha kutisha. Ila kinachosahaulika ni kwamba mlango wa kuingilia alipokaa Rais haukuwa na mlinzi usiku ule. Ulinzi ndio uliokosekana. Na sisi tuna kisa chetu. Tarehe 7 Aprili 1972 Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, aliuawa kwa risasi akicheza bao Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, chama chake mwenyewe, kati ya watu wake. Hakuna aliyehitimisha kwamba viongozi wasicheze tena bao. Mtawala huuawa pale ulinzi unapolegea au pale chuki inapokomaa, iwe ukumbini, ofisini au barabarani.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu zaidi, maana linatoka kwa wazee wenyewe. Wanasema kumlaki mgeni kwa ngoma ni adabu yetu, kwamba mtemi alipopita watu walimpigia, na kwamba kumfananisha Msukuma anayemkaribisha Rais na kibaraka ni kumtukana. Sawa kabisa. Kumlaki mgeni ni jambo jema, na wimbo wa kumsifu mwenye kustahili una nafasi yake katika kila jamii ya Afrika Mashariki. Lakini wazee hao hao watakuambia kwamba mapokezi na mbina ni shughuli mbili. Bagika na Bagalu hawakugawanyika kwa mipaka ya watemi. Mtu alikuwa Mgika au Mgalu popote alipoishi, na ushindi wa uwanjani haukutolewa na mtemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na mbina ikaendelea, kwa sababu haikuwa imesimama juu ya kiti cha mtu. Kosa letu ni kuichukua ile ya kwanza na kuiita utamaduni wa taifa, kisha ile ya pili tukaiachia vijijini kama burudani ya baada ya mavuno, wakati hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kile ambacho Lincoln alikifuata kwa Edwin Booth na Nyerere alikitafuta katika Juliasi Kaizari: watu wanaotazama kwa pamoja jambo ambalo mwisho wake haujapangwa na mkubwa.

Kwa hiyo ninachopendekeza kinaanzia chini, na hakina gharama. Ofisi za utamaduni za halmashauri zinaijua kalenda ya mbina. Zinajua ni lini Ngulyati au kijiji jirani kitakuwa na mashindano baada ya pamba. Mkuu wa mkoa, waziri, au Rais akiwa ziarani Simiyu katika miezi hiyo, aende siku ya mashindano yenyewe. Asifungiwe turubai. Vikundi visiamriwe kugeuka, jina lake lisiingizwe katika nyimbo, na mshereheshaji abaki nyumbani. Asimame au akae kwenye benchi mahali ambapo anaweza kusogea, kwa kuwa mtazamaji wa mbina asiyesogea hajatazama. Manju akiimba juu ya mizani iliyochezewa kwenye kituo cha pamba, au barabara iliyoahidiwa na haikuja, mgeni atausikia wimbo huo pamoja na wakulima waliokatwa kilo, na atawaona wanavyoupokea. Hatahitaji kujibu, maana hakuna risala iliyosomwa. Na vikundi viwili vikiwa vinamgombania yeye kama vinavyomgombania mtoto wa jirani aliyekuja na baiskeli, atalazimika kufanya kitu ambacho hakuna itifaki inayoweza kumfanyia, yaani kuamua kwa miguu yake aende upande upi, huku watu wote wakimwona.